Unanunua nyumba juu ya mgodi wa makaa? Uliza maji yamefika wapi

Ukihama London kutafuta nyumba ya mkopo unaobebeka, bei zitakusukuma Barnsley, Wakefield, Sunderland, Stoke-on-Trent, mabonde ya kusini mwa Wales au vitongoji vya Glasgow. Kote huko watu walijaa kwa sababu ya makaa ya mawe, na makaa hayo yalitolewa chini ya ardhi ambayo leo ina sebule, vituo vya basi na viwanja vya shule. Kama robo ya nyumba na majengo ya biashara ya Uingereza imekaa juu ya maeneo ya makaa. Uwezekano wa wewe kukutana na jambo hili ni mkubwa, na dalali hatakuwa wa kwanza kukutajia.

Mtu aliyezoea makaa ya Ngaka kule Ruvuma anajua machimbo ya wazi: shimo unaliona, unalizunguka. Migodi ya Uingereza ilishuka mamia ya mita, ikatambaa chini ya miji, kisha ikafungwa. Wa mwisho kati ya ile ya kina kirefu, Kellingley wa Yorkshire, ulifungwa Desemba 2015. Sehemu nyingi pampu zilizokuwa zikitoa maji usiku na mchana zilizimwa, na maji yakaanza kupanda kurudi mahali yalipokuwa kabla ya mchimbaji wa kwanza. Uchimbaji karibu wote umekwisha, maji katika maeneo kadhaa bado yako safarini. Sehemu kubwa ya ushauri ninaokupa inatokana na hilo.

Kinachoendelea chini

Tuanze na uchimbaji wenyewe, kwa sababu kila namna ya kuchimba inaiachia ardhi tabia yake. Katika karne ya 20 migodi ya kina ilichimbwa kwa mtindo wa ukuta mrefu: tabaka lote la makaa linakatwa kwa upana wa mita mia na zaidi, na paa linaachwa lianguke nyuma ya wachimbaji. Juu, ardhi inatitia. Tabaka likitolewa lote na kwa upana wa kutosha, uso wa ardhi unaweza kushuka kwa karibu asilimia 90 ya unene wa tabaka hilo. Ni mengi. Mabomba yalikatika, nyumba zikainama, mashamba yakageuka madimbwi. Lakini sehemu kubwa ya kutitia huko hutokea ndani ya miezi na miaka michache baada ya makaa kutoka. Nyumba iliyo juu ya uchimbaji wa aina hiyo uliokoma 1968 imeshapata mtikisiko wake. Kama imesimama wima mpaka leo, kutitia kule hakupaswi kukunyima usingizi.

Mtindo wa zamani zaidi ni wa vyumba na nguzo. Wachimbaji walitoa makaa kama wanaochonga vyumba, wakaacha nguzo za makaa zishike paa. Nguzo hizo zinaweza kudumu miaka mia mbili, na zinaweza kukatika mwaka huu, hazina ratiba. Kinachoamua ni kina. Paa la chumba likianguka, tundu linapanda juu kidogo kidogo, huku mawe yaliyoanguka yakichukua nafasi kubwa kuliko yalipokuwa yameshikana, mpaka tundu lijizibe lenyewe. Wahandisi wana kadirio lao: tundu linaweza kupanda hadi kama mara kumi ya unene wa tabaka. Chumba cha mita moja na nusu kinataka basi mita 15 za mwamba mgumu juu yake. Udongo na mfinyanzi havihesabiwi. Ndiyo maana kazi iliyofanywa ndani ya mita 30 kutoka juu hutazamwa kwa jicho kali kuliko ile ya mita 300, ingawa ya mita 300 inatisha zaidi kuisikia.

Kisha yapo mashimo ya kushukia. Yaliyo kwenye kumbukumbu, pamoja na milango ya mahandaki, yanazidi 170,000. Mengine yalijazwa vizuri na kufunikwa kwa zege. Mengine ya kale yaliwekewa jukwaa la magogo mita chache chini, yakamwagiwa kifusi na takataka, kisha yakasahauliwa. Gogo likioza, kifusi kinashuka chote kwa mkupuo.

Sasa maji

Pampu zikizimwa, mgodi hujaa polepole, kwa miaka au miongo. Na kwa kuwa migodi mingi iliunganishwa chini kwa chini, maji ya mgodi mmoja yanaweza kutokea katika mji mwingine kabisa. Yanapopanda hufanya mambo kadhaa, na ni vizuri uyatenganishe, maana watu huyachanganya kisha wakaogopa lisilostahili.

La kwanza, yanalainisha. Sakafu ya mgodi mara nyingi ni mfinyanzi mgumu uliokaa mkavu kwa miaka yote ya kuchimbwa. Ukilowa unalegea, na nguzo iliyo juu yake inazama au inapasuka. Maji yanayopanda na kushuka ndani ya shimo la zamani husomba pia kifusi kilichojazwa humo.

La pili linawashangaza wengi: ardhi inapanda. Miamba iliyokauka na kushikana inapojaa maji tena, shinikizo la maji linabeba sehemu ya uzito, na eneo zima linainuka, kama godoro lililoachwa na mtu aliyelikalia. Kule Limburg, kusini mwa Uholanzi, migodi ya mwisho ilifungwa 1974, lakini pampu ziliendelea hadi 1994 ili kuilinda migodi jirani ya Ujerumani. Baada ya hapo maji yakapanda na ardhi ikafuata; vipimo vya setilaiti vinaonyesha hivyo. Hapa Uingereza pia setilaiti zimeona maeneo ya zamani ya makaa yakiinuka. Kwa kawaida kuinuka huku ni kwa milimita chache kwa mwaka na hutandaa kwenye eneo pana, kwa hiyo nyumba hupanda yote pamoja bila kupata hata ufa. Tatizo liko kwenye mipasuko ya mwamba. Upande mmoja wa mpasuko unaweza kupanda kuliko mwingine, na hapo ndipo barabara inapata kizingiti na ukuta unakatika. Nyumba mbili zilizopakana, moja inaumia, ya pili haijui lolote.

La tatu ni hewa. Maji yanayopanda husukuma mbele yake hewa ya mgodini, yenye kaboni dayoksaidi nyingi na oksijeni haba. Gorebridge, karibu na Edinburgh, nyumba 64 za halmashauri zilibomolewa baada ya hewa hiyo kupenya ndani na wakazi kuugua, mwaka 2013 na 2014. Haina harufu. Na hutoka zaidi siku ambazo mgandamizo wa hewa umeshuka, yaani siku za mvua na dhoruba, wakati watu wamefunga madirisha.

La nne ni maji yenyewe kutoka nje. Januari 2021, wakati wa dhoruba, maji ya mgodi yalibubujika katikati ya makazi ya Skewen, kusini mwa Wales, baada ya kuziba kwa njia yake chini ya ardhi. Watu kama 80 walihamishwa. Rangi yake ni ya chungwa, kwa sababu ya chuma. Ukiona kijito cha rangi hiyo karibu na nyumba unayotaka kununua, usikimbie. Mara nyingi maana yake ni kwamba maji yameshapata mlango wake wa kutokea, na hilo ni afadhali kuliko maji yanayoutafuta.

Wajerumani wa bonde la Ruhr hawakuwa na nafasi ya kuyaacha maji yarudi yote: sehemu za Essen zimeshuka zaidi ya mita 20, na pampu zikizimwa sehemu za bonde hilo zitakuwa maziwa. Wataendelea kupiga pampu bila ukomo, na upo mfuko maalumu wa kulipia kazi hiyo. Uingereza imechagua njia ya katikati. Mahali pengi maji yameachwa yapande. Mahali pengine, kama pwani ya Durham, yanavutwa na kusafishwa ili yasiharibu maji ya kunywa. Nyumba yako iko upande upi? Swali hilo unaweza kuliuliza, na lina jibu.

Kabla ya kutoa ofa

Anayelijibu ni mamlaka ya serikali yenye makao Mansfield, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994 kwa jina Coal Authority na inayoitwa Mining Remediation Authority tangu Novemba 2024. Inahudumia England, Wales na Uskoti. Ramani yake ya mtandaoni ni bure: andika namba ya posta, washa tabaka za ramani moja moja, utazame mashimo ya kushukia, uchimbaji wa karibu na uso, na mipasuko. Fanya hivi kabla ya kwenda kuiona nyumba, ili ukifika ujue pa kutazama.

Ipo pia huduma ya Ulaya ya vipimo vya mwendo wa ardhi, ya mpango wa Copernicus, nayo bure. Setilaiti za Sentinel-1 hupima uso wa ardhi kwa rada, na ramani inaonyesha kwa rangi ni wapi panashuka, panapanda au pametulia. Ni nzuri kwa kuona tabia ya mtaa mzima. Usiitumie kuihukumu nyumba moja kwa nukta moja. Nukta inaweza kuwa paa la banda la jirani. Tafuta mstari ambapo rangi inabadilika ghafla, kisha ulinganishe na mipasuko kwenye ramani ya migodi. Mistari miwili ikikutana chini ya nyumba unayoitaka, mpigie mhandisi.

Ukifika, uanze na mtaa, nyumba baadaye. Wauzaji hupaka rangi kuta. Hakuna anayepaka rangi barabara. Angalia kama lami ina kiraka kirefu kinachokatiza barabara na kuendelea upande wa pili kwenye ukingo wa njia ya miguu, kisha kwenye ukuta wa bustani. Angalia kama paa za nyumba zilizoungana zinashuka na kupanda. Angalia pengo lisiloelezeka katika safu ya nyumba: pengine ni kiwanja tu, pengine kuna shimo ambalo hakuna aliyethubutu kujenga juu yake. Wazee wa mtaa wanajua. Katika miji hii bado wapo watu waliochimba kwa mikono yao, na ukimsalimia mzee vizuri nje ya duka atakuambia mengi ambayo hayamo kwenye ripoti yoyote.

Kuisoma ripoti

Wakili wako ataagiza ripoti ya migodi, ambayo England na Wales huitwa CON29M. Benki huidai katika maeneo ya makaa. Kosa la wanunuzi wengi ni kuiachia ibaki kwa wakili. Yeye anaangalia kama kuna kitu cha kuizuia benki. Wewe ndiye utakayelala humo. Omba nakala, uisome mwenyewe, ni kurasa chache.

Itakuambia ni matabaka mangapi yalichimbwa chini yako, kwa kina gani, na mwaka wa mwisho. Kisha huja kauli ya kutuliza, kwamba mwendo wa ardhi uliotokana na uchimbaji huo unatarajiwa kuwa umekwisha. Kauli hiyo ni ya kweli kwa jambo linalozungumziwa, yaani kutitia kwa uchimbaji wa kina. Usiifanye ijibu swali la maji. Hilo uliza peke yake.

Ukiona maneno kwamba huenda kuna uchimbaji wa karibu na uso usio kwenye kumbukumbu, simama hapo. Sheria ilianza kuwalazimisha wenye migodi kukabidhi ramani wanapofunga mwaka 1872, na watu walikuwa wakichimba makaa karne nyingi kabla ya hapo. Ramani zilizopo zinazidi laki moja, lakini zisizokuwepo ndizo zenye vyumba vya mita tano chini. Mhandisi wa miamba anaweza kusoma jiolojia ya eneo na kukuambia kama kuna mwamba wa kutosha juu. Gharama yake itakuuma, lakini ni ndogo mbele ya mkopo wa miaka 25.

Shimo la kushukia likiwa ndani ya nyumba au katika mita 20 kutoka mpaka wa kiwanja, ripoti italitaja. Benki nyingine hukataa hapo hapo. Nyingine hukubali ukileta ripoti ya ufafanuzi ya Mamlaka inayoeleza hatari kwa nyumba hiyo mahususi. Usikubali dalali akuambie "limeshazibwa" bila kuuliza limezibwa na nani, mwaka gani, kwa kitu gani.

Soma pia sehemu ya madai ya nyuma. Kama mmiliki aliyepita alilipwa fedha badala ya kutengenezewa, fedha imekwenda naye na ufa umebaki nyumbani. Hapo bei inapaswa kushuka, na usione haya kusema hivyo.

Ukishahamia na ukuta ukapasuka

Mkono wa kwanza unaokuja kichwani ni wa fundi wa lipu. Mzuie. Ufa ni ushahidi. Piga picha ukiwa umeweka rula juu yake, andika tarehe pembeni kwa penseli, weka alama mwisho wa ufa kila pande, kisha urudi kila mwezi. Nyufa za chini ya milimita 5 wakaguzi huzihesabu kuwa ndogo. Kuanzia 5 hadi 15 ni za wastani na milango huanza kukwama. Zaidi ya 25 ni hatari.

Kisha jiulize chanzo kwa uadilifu, maana katika mji wa makaa kila kitu hulaumiwa mgodi. Ufa unaofunguka kiangazi na kufumba majira ya baridi unanuka mfinyanzi na mizizi ya miti. Ufa ulio kwenye kona moja karibu na bomba la maji machafu, kagua bomba kwanza. Hata shimo lililofunguka Pant, Merthyr Tydfil, mwishoni mwa 2024, na kuhamisha watu wa nyumba kama 30, lilitokana na kuporomoka kwa mfereji wa chini ya ardhi, ingawa mji ule umezungukwa na migodi.

Ukidhani ni makaa, Sheria ya 1991 ya kutitia kwa ardhi kutokana na makaa iko upande wako kuliko sheria nyingi nizijuazo. Unapeleka taarifa ya madhara kwa Mamlaka, ndani ya miaka sita tangu ulipoweza kuyajua. Bure. Kama hali ya madhara inaonyesha kwamba yanaweza kuwa yametokana na makaa, ni juu yao kuthibitisha kwamba hayakutokana, wewe huna kazi ya kuthibitisha. Kwa kawaida wanatengeneza nyumba. Wakati mwingine wanalipa badala yake. Mkishindwa kuelewana, kuna usuluhishi na kuna baraza la ardhi. Waandikie Mamlaka kwanza, bima baadaye, lakini bima nao wajulishe. Usije ukanyimwa na wote kwa kuwa kila mmoja anamtazama mwenzake.

Sheria hiyo ina mipaka yake. Inahusu ardhi kusogea, siyo mafuriko ya maji ya mgodi. Inahusu makaa, siyo bati la Cornwall wala chumvi ya Cheshire. Na haifiki Ireland ya Kaskazini. Mpangaji wa kawaida amwandikie mwenye nyumba kwa maandishi, atunze nakala. Lakini kama mkataba unambebesha yeye matengenezo, anaweza kupeleka taarifa mwenyewe.

Shimo likifunguka bustanini ni jambo jingine. Toa watoto na ondoka, usisogee ukingoni kuchungulia wala kupiga picha, kwa sababu kinachoonekana juu mara nyingi ni chembamba kuliko kilichobomoka chini. Mamlaka ina simu ya dharura ya saa 24. Namba iweke kwenye simu yako siku unayohamia. Usimwage kifusi. Utaziba njia ya maji au ya hewa, na mhandisi atalazimika kukitoa chote. Na kichwa kikiuma kwa watu wote wa nyumba siku za dhoruba, kikapona mkitoka nje, fungueni madirisha na mpige simu hiyo hiyo.

Kuongeza chumba

Wengi wetu tunanunua nyumba ndogo tukiwa na nia ya kuipanua kwa ajili ya mama au wajomba watakaokuja. Katika maeneo yaliyotiwa alama ya hatari kubwa, halmashauri inaweza kudai tathmini ya hatari ya migodi kabla ya kibali cha ujenzi, hasa kwa jengo jipya. Fundi asichimbe wala kutoboa msingi wa kina unaofika kwenye makaa au vyumba vya zamani bila kibali cha Mamlaka. Makaa na matundu yake ni mali yao hata kama kiwanja ni chako. Dawa ya matundu ya karibu ni kuyajaza kwa kupampu uji wa saruji na majivu kupitia matundu ya kutobolewa. Kazi hiyo mpe mkandarasi anayeijua, na akuachie ramani ya kila tundu alilotoboa na kiasi cha saruji kilichoingia. Mnunuzi wa baadaye ataiomba.